Tab na tahajia ya Idjwi

Kivu ya Kusini ina teritwari 8: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Hapa Bukavu, mwenye kazi ya takwimu za jimbo huyaandika majina hayo kutwa nzima. Sasa litazame Idjwi. Mdomoni ni Ijwi, na mkono hufuata mdomo. Ndani ya jedwali kisiwa kimoja kinageuka viwili, na jumla zinakataa kulingana.

Nina programu ndogo niliyoiita ripoti, naiendesha kwa amri za maandishi katika Bash. Kwenye faili la .bashrc nimeongeza mstari huu:

complete -W "Fizi Idjwi Kabare Kalehe Mwenga Shabunda Uvira Walungu" ripoti

Basi. Naandika ripoti, naacha nafasi, naandika F, nabonyeza Tab: Fizi inajaa. S inaleta Shabunda. Nikiandika K, Bash haibahatishi. Inaongeza a, maana Kabare na Kalehe yanakwenda pamoja hadi hapo, kisha inasimama. Nikibonyeza Tab mara mbili zaidi, inaniwekea majina yote mawili mbele yangu. Uungwana huo naupenda mno: inasaidia hadi pale inapokuwa na hakika, na uamuzi inaniachia mimi.

Bash yenyewe ilitolewa na Brian Fox mwaka 1989, lakini ni toleo la 2.04, la mwaka 2000, lililompa mtumiaji uwezo wa kupanga mwenyewe kitakachojazwa baada ya kila amri.

Mafundi wenyewe hawaishii kwenye orodha. Mahali pa -W huweka -F na jina la funksheni. Bash huipa funksheni hiyo maneno yaliyokwisha kuandikwa, ndani ya COMP_WORDS, na nafasi ya neno linaloandikwa sasa, ndani ya COMP_CWORD. Majibu yake hurudi kupitia COMPREPLY. Kwa hiyo nafasi ya kwanza italeta teritwari, ya pili miezi, na ya tatu mafaili ya teritwari ileile iliyokwisha kutajwa, si mengine. Ukitaja Mwenga, huonyeshwi ya Uvira. Kuandika kitu kama hicho vizuri si suala la kujua Bash tu. Lazima uwe umekaa kando ya mtu anayefanya kazi hiyo, ukaona anaposita na neno analokosea kila siku. Ni mistari kumi au kumi na mitano, na kila mmoja umemfikiria mtu.

Mpaka leo kuna siku mkono wangu unaandika Ij. Nabonyeza Tab, hakuna kinachoongezeka. Nafuta j, nabonyeza tena, na Idjwi inakaa mahali pake, d ikiwa ndani.