Someni Emma, Watu wa Maniema!

Sijawahi kuona kazi ya nyumba ikichorwa hivi. Emma, hadithi ya katuni ya Kijapani (manga), ilinifikia Kasongo kwa tafsiri ya Kifaransa, ndani ya simu ya binamu aliyetoka Kindu, nikameza juzuu ya kwanza bila kunyanyua kichwa, nikadai ya pili palepale, na sasa naandika moto ukiwa bado unawaka. Mwenye kazi hii ni Mjapani mmoja, Kaoru Mori, mwanamke aliyezaliwa 1978. Aliianza mwaka 2002 katika jarida la Comic Beam, akaifunga 2006, kisha akaongeza hadithi za pembeni hadi juzuu zikafika 10. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa wapi?

Kisa chenyewe hakina makuu. London, mwishoni mwa karne ya 19. Emma ni mtumishi wa nyumbani kwa Kelly Stownar, mwalimu mstaafu aliyewahi kulea watoto wa matajiri. Siku moja William Jones, mwana wa mfanyabiashara mkubwa, anakuja kumwamkia mwalimu wake wa zamani. Kabla hajabisha, mlango unafunguliwa kutoka ndani na kumpiga usoni. Aliyeufungua ni Emma, msichana mpole mwenye miwani. Basi, kijana amekwisha! Mtoto wa tajiri na mtumishi: hadithi hiyo tumeisikia mara ngapi? Lakini Mori anaisimulia polepole kiasi kwamba unaanza kuwaza kuhusu ndoo ya maji kabla ya kuwaza kuhusu mapenzi. Kuna kurasa nzima zisizo na neno hata moja. Ni mikono tu. Mikono inafunga aproni kwa nyuma, inashika kitasa, inapanga vikombe. Mchoraji mwingine angeruka hayo yote ili afike kwenye busu. Huyu anakaa hapohapo, anahesabu mikunjo ya kitambaa, na wewe unakaa naye.

Ni lazima mjue Emma amezaliwa katikati ya homa gani. Vijana wa Japani wameipenda sana sura ya mtumishi wa kike: gauni jeusi, aproni nyeupe, kofia ndogo ya lesi. Huko Akihabara, mtaa wa Tokyo unaojulikana kwa maduka ya vifaa vya umeme, mkahawa wa Cure Maid Café ulifunguliwa mwaka 2001, na baada yake ikaja mingine mingi, wasichana wakimpokea mteja kama bwana anayerudi nyumbani kwake. Halafu ikaja mvua ya manga na ya anime, yaani katuni za video: Maid Sama! ya Hiro Fujiwara, Rem wa Re:Zero, hata dragoni anayejigeuza mtumishi katika anime ya Kyoto Animation ya 2017. Mimi nazifurahia kazi hizo zote, sifichi. Ila katika nyingi aproni ni pambo. Mori ameirudishia jasho lake. Anime ya Emma ilipotengenezwa mwaka 2005, alitafutwa Rico Murakami, mtafiti wa maisha ya Uingereza ya zama zile, awe mshauri, ili kila kifungo kikae mahali pake. Hii ni heshima, na inaonekana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kitabu hiki kilipogeuka kuwa changu. Miaka ile ile ambayo Emma anapandisha makaa ghorofani London, Kasongo yetu ilikuwa mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mwanawe Sefu. Pembe za ndovu zilitoka hapa, zikapita Kabambare mabegani mwa watu, zikateremka ziwani, zikavuka hadi Ujiji, zikashika njia ya Tabora hadi Bagamoyo, zikaingia Unguja. Kutoka Unguja nyingi zilifika Uingereza. Huko zilikatwa zikawa vibonye vya piano, mipira ya biliadi, vitana, mipini ya visu. Na nani aliyezifuta vumbi kila asubuhi? Mtumishi! Kisu chenye mpini wa pembe hakitumbukizwi katika maji ya moto, kwa sababu mpini hupasuka au hulegea. Kilitakiwa kuoshwa upande wa chuma peke yake, taratibu, mpini ukifutwa kwa kitambaa. Wanawake zaidi ya milioni 1 wa Uingereza walikuwa katika utumishi wa nyumbani wakati huo. Ni wangapi kati yao walioshika kipande cha Maniema mkononi bila kujua kama kuna Maniema? Tangu wazo hilo linijie, kila meza ya chakula katika kitabu hiki naitazama kwa jicho jingine.

Mori mwenyewe hatamki neno pembe, angalau si katika juzuu nilizosoma. Lakini anatuletea ndovu! Hakim Atawari, mwana wa mfalme kutoka India na rafiki wa William, anaingia London na msafara wa ndovu hai. Nilicheka kwa furaha. Nikatamani pia awepo mtu mmoja kwenye umati ule wa kuuliza ndovu wengine wameishia wapi.

Na kuna utoto wa Emma. Kabla hajawa wa Kelly Stownar alikuwa yatima wa kijiji cha pwani. Akatekwa, akapelekwa mjini ili auzwe, akaponea kwa kutoroka. Mtu wa Kabambare hahitaji kufafanuliwa ukurasa huo. Msafara, mtoto asiye na wa kumtetea, mji mkubwa usiomjua mtu: bibi zetu walikuwa nayo masimulizi hayo, tena kwa majina ya vijito vilivyovukwa. Mwalimu yule alimchukua mtoto, akamfundisha kusoma na kuandika, akampatia na miwani. Mori haigeuzi huruma hiyo kuwa muujiza, maana mwanamke aliyemfundisha Emma kusoma ndiye huyohuyo anayeletewa chai na Emma.

Nasi Kasongo tulikuwa na nyumba za kitajiri zilizohitaji watumishi. Jeshi la Dola Huru la Kongo, chini ya kamanda Dhanis, lilipouteka mji wetu mwezi Aprili 1893, daktari wake, Sidney Hinde, aliandika habari za vitanda vya nakshi, magodoro ya hariri, sukari, viberiti, bilauri za fedha na za kioo. Vizuri sana. Nani alikuwa akitandika vitanda vile? Nani aliziosha bilauri? Hinde anasifu vitu. Wanawake na vijana waliovitunza hawana Mori wao. Baadaye, chini ya utawala wa Wabelgiji, kazi ya nyumba ikawa ya wanaume, boyi aliyevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi ya makaa, mzee ambaye mzungu alimwita mtoto. Na leo kuna binti anayetolewa kijijini kwa ahadi ya shule, akafika mjini akakuta ndoo, jiko na mtoto wa kubeba mgongoni. Nataka kumwona huyo amechorwa kurasa kumi bila maneno: anatwanga sombe, anachochea moto, anafunga kitenge upya kwa sababu kimelegea. Wachoraji wa Bukavu na Lubumbashi, mnanisikia?

Ukitaka kuanza, anza na kitabu, anime ifuate, kwa sababu kwenye karatasi wewe ndiwe unayeamua kukaa dakika ngapi mbele ya mkono mmoja. Usimpe aliyekwisha kusoma nafasi ya kukusimulia. Mimi tayari nimedokezewa kwamba huko mbele Emma anapanda treni kwenda Yorkshire, kwenye nyumba kubwa ya Wajerumani yenye kundi zima la watumishi, na sipati usingizi kwa kutaka kuliona jiko lao. Mwenye juzuu ya tatu, awe Kasongo, Kabambare au Kindu, aniambie. Nitaifuata mwenyewe, hata barabara ikiwa matope.