Kamera Isiyomjua Bibi

Wapo wanaoidharau Canon EOS 500 mara tu wanapoishika. Ni ya plastiki, nyepesi, haifiki hata nusu kilo bila lenzi. Mimi sioni aibu hapo. Ilipotoka mwaka 1993, huko Japani ikiitwa Kiss, ilikusudiwa mtu ambaye hajawahi kumiliki kamera ya kubadilisha lenzi, na mtu wa namna hiyo hubeba kilicho chepesi.

Ina busara yake pia. Ukiitia filamu, kwanza huivuta yote nje ya mkebe wake, kisha kila picha inayopigwa huirudisha ndani. Mtoto akifungua mlango wa nyuma kwa bahati mbaya, picha zilizokwisha kupigwa zimo salama gizani. Udhaifu wake ni betri: zikiisha, hupigi kitu.

Ugomvi wangu nayo uko kwenye kisanduku cha kijani kilichochorwa katika gurudumu la juu. Ukiligeuzia hapo, kamera hupima mwanga, huchagua kasi, hulenga, na giza likizidi flashi hujiinua yenyewe. Wewe kazi yako ni kidole tu. Ndivyo nilivyompiga bibi yangu, kamera nimeisimamisha wima, naye ameketi mlangoni akipepeta mchele. Filamu iliposafishwa, ungo ulionekana hadi punje, lakini uso wake ulikuwa ukungu. Kamera hii ina sehemu tatu za kulengea, nayo ilishika ile iliyoangukia kitu cha karibu zaidi. Nani alikuwa ameiambia kwamba bibi ni bora kuliko mchele?

Niliilaumu kwa miezi. Kisha nikasoma kijitabu cha maelekezo, ambacho ningepaswa kukisoma mapema, nikakuta kwamba nje ya ile kijani unaweza kuchagua mwenyewe sehemu ya kulengea, na ukipenda, kasi na upana wa tundu la lenzi pia. Yote yalikuwamo tangu siku ya kwanza. Basi hukumu yangu ni hii: ni mwalimu mzuri, ila humwacha mwanafunzi alale darasani.

Siku hizi inapatikana kwa mitumba tu, na anayeanza kujifunza filamu hatajuta kuinunua, mradi aligeuze gurudumu. Mimi nilichelewa. Bibi hakuingoja picha ya pili. Ile ya kwanza ningali nayo ukutani, na wageni wakiitazama huusifu mchele.