Ufasaha wa Anayeomba Kufa

Tamthilia ya Brian Clark, Whose Life Is It Anyway?, iliyochezwa jukwaani London mwaka 1978 baada ya kuonyeshwa katika televisheni mwaka 1972, mara nyingi huhesabiwa kuwa utetezi wa kifo cha huruma. Hesabu hiyo ina kasoro. Ken Harrison, mchongaji wa sanamu aliyepooza kuanzia shingoni kwa ajali ya gari, haombi kuuawa. Aomba kuruhusiwa kutoka hospitali, naye ajua kuwa bila matibabu hataishi. Sheria ya Uholanzi iliyoanza kutumika mwaka 2002 yahusu jambo jingine: daktari akatishaye uhai kwa ombi la mgonjwa. Istilahi "kifo cha huruma" yachanganya mambo haya mawili, kwani yamficha mtendaji.

Udhaifu wa tamthilia, hata hivyo, uko kwingine. Harrison ni msemaji hodari mno. Mzaha wake wamshinda Dkt. Emerson kabla Jaji Millhouse hajafika kitandani, na mtazamaji (aliyekwisha kucheka naye) huiridhia hukumu kwa ajili ya ulimi kuliko haki. Je, mgonjwa asiye na ufasaha, asemaye "nimechoka" na kunyamaza, angesikilizwa na nani? Clark hakumtengea hata kitanda cha pembeni.