Vigezo vya Kupima Ukuta wa Buluu ya Kijivu Iliyokolea

Buluu ya kijivu iliyokolea hupatikana kwa kuchanganya chembe za buluu na nyeusi, pamoja na nyeupe kidogo, hadi ifanane na wingu zito la mvua, nayo ni miongoni mwa rangi za nyumbani zinazomdai fundi umakini mkubwa. Katika kipimo cha urudishaji mwanga, ambacho huanzia 0 kwa weusi kamili hadi 100 kwa weupe kamili, rangi za jamii hii kwa kawaida huwa chini ya 15, hivyo vumbi, chumvi na mikwaruzo huonekana waziwazi juu yake. Kwa sababu hiyo, anayeipima kazi hii hana budi kuanza na ukuta, kisha aiendee rangi.

Plasta mbichi ya saruji au chokaa ina ualikali, yaani ukali wa jamii ya magadi, na maji yake yanapotoka huacha chumvi nyeupe usoni mwa ukuta. Ualikali huo huivunja buluu ya Prussia, iliyovumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na kuiachia hudhurungi ya kutu. Buluu ya fthalosianini, iliyoingia sokoni mwaka 1935, huustahimili, ingawa hata hiyo haiwezi kuzizuia chumvi kujitokeza. Ndiyo maana fundi mahiri huiacha plasta ikauke wiki nne au zaidi, kisha hupaka praima inayohimili ualikali, iliyotiwa kijivu ili makoti mawili ya juu yatoshe kuifunika.

Usawa wa ukuta hupimwa kwa kuwasha taa ya mkononi na kuiweka ubavuni, karibu kabisa na plasta, ili mwanga upite sambamba nayo na kila bonde au alama ya msasa itupe kivuli chake. Baada ya hapo jicho lielekezwe chini ya dari, mahali ambapo brashi hukutana na rola: ikiwa sehemu ya brashi ilikauka kabla rola haijaifikia, utabaki ukanda wenye kivuli tofauti kuuzunguka ukuta mzima, kasoro ambayo fundi makini huiepuka kwa kumaliza ukuta mmoja kabla ya kuanza mwingine, huku ukingo ukiwa bado majimaji.

Rangi isiyong'aa huficha mabonde madogo, lakini inaposuguliwa hutoa mabaka yenye mng'ao, hasa kandokando ya swichi na nyuma ya viti, kwa hiyo koridoni na katika chumba cha watoto hufaa zaidi rangi yenye mng'ao hafifu inayofutika.

Kipimo cha mwisho ni mwanga. Sampuli ipakwe kwenye ubao wenye upana wa nusu mita, itazamwe asubuhi, adhuhuri na usiku, kwa kuwa taa ya manjano ya Kelvini 2700 huififisha buluu, ilhali taa nyeupe ya Kelvini 6500 huifanya ionekane baridi. Mchanganyiko uliozidishwa weusi huonekana mweusi mtupu usiku, bali ulio bora hubakiza buluu yake hata chini ya taa hafifu. Hata hivyo, mchanganyiko, hata uwe bora kiasi gani, hauwezi kuuokoa ukuta mbichi, hivyo ambapo plasta haijakauka, ni heri mwenye nyumba asubiri kuliko kuongeza gharama ya rangi.