Kumsaidia Kuku Aliyekwamiwa na Yai

Kuku ana mrija mmoja tu wa mayai unaofanya kazi, ule wa kushoto, na yai husafiri humo kwa saa 24 hadi 26. Takribani saa 20 kati ya hizo hupita kwenye tezi ya ganda, karibu na mwisho wa njia. Safari iliyobaki ni fupi: misuli ya tezi hujikaza, mlango wa kuingia ukeni hulegea, na uke hujipindua kidogo kutokeza nje ili yai lishuke bila kugusa kinyesi. Yai hukwama pale misuli inapokosa nguvu, mlango unapokataa kulegea, au yai lenyewe linapokuwa kubwa kuliko njia.

Chanzo cha kwanza kuchunguzwa kwa kuku wa nyumbani ni upungufu wa kalsiamu. Ganda moja hubeba gramu 2 hivi za madini hayo, ilhali mwili mzima wa kuku una gramu 20 tu. Kila anapotaga, kwa hiyo, hutoa sehemu ya kumi ya akiba yake. Usiku, ganda linapojengwa naye hali kitu, huichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na akiba hiyo isiporudishwa kwa chakula huisha. Kalsiamu hiyohiyo ndiyo inayoiwezesha misuli kujikaza. Upungufu mmoja basi huleta madhara mawili kwa pamoja: ganda linakuwa laini, hivyo yai ni vigumu kulisukuma, na misuli ya kulisukuma inalegea. Kuku anayeshindia pumba ya mahindi yumo hatarini zaidi, kwa kuwa pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Anayefungiwa ndani bila jua hukosa pia vitamini D, ambayo bila hiyo kalsiamu iliyomo kwenye chakula haifyonzwi vizuri. Vyanzo vingine ni unene, uzee, yai lenye viini viwili, uambukizo wa mrija, na mtetea kuanza kutaga kabla nyonga hazijapanuka.

Kuku aliyekwamiwa husimama wima kama aliyebeba mzigo kwa nyuma, mkia chini, mabawa yamelegea. Huingia na kutoka kiotani, hujikamua, na mkia wake hupanda na kushuka kila anapopumua. Huacha kula. Kinyesi hupungua au hutoka majimaji tu, kwa sababu yai limeubana utumbo, na likibana mishipa ya fahamu ya miguu huchechemea au hushindwa kusimama. Wengi humdhania anataka kuatamia. Tofauti ni kwamba anayeatamia ni mkali, huvimbisha manyoya na hudonoa mkono unaomkaribia. Huyu ni mnyonge na hushikwa bila kupigana.

Kuthibitisha ni kazi ya vidole. Kuku hushikwa kwa utulivu, na tumbo hupapaswa taratibu kati ya ncha ya kidari na mifupa ya nyonga. Yai lenye ganda gumu hujulikana mara moja. Lenye ganda laini huweza kupotea kabisa mkononi. Kidole chenye glavu na mafuta kinaweza kuingizwa sentimita chache katika tundu la kutolea, kikielekezwa upande wa kushoto. Kinachotafutwa ni kujua yai liko wapi, basi. Kulivuta hakufai, na kulikamua tumboni ni hatari zaidi: ganda likivunjika ndani, vipande hukata ukuta wa mrija na ute humwagika mahali ambapo bakteria huzaliana upesi.

Msaada huanza kwa joto. Kuku huwekwa katika beseni la maji ya nyuzi 38 hadi 40, yanayofika tumboni, kwa dakika 15 hadi 30, huku maji ya moto yakiongezwa kidogokidogo pembeni. Joto hulegeza misuli ya mlango na humpunguzia kuku woga, na woga peke yake unatosha kumfanya azuie yai. Akitolewa hukaushwa vizuri, maana manyoya yaliyolowa humnyang'anya joto lote alilopata. Tundu hupakwa mafuta ya mgando au ya kupikia, kisha kuku huwekwa peke yake kwenye boksi lenye giza, joto na nyasi kavu.

Kalsiamu hutolewa wakati huohuo, bila kungoja. Ya maji kutoka duka la dawa za mifugo hufyonzwa haraka kuliko ganda lililosagwa, na kipimo hufuata uzito wa kuku. Chokaa ya kupaka ukutani haifai hata kidogo, huunguza koo. Maji ya kunywa yawe karibu, kwani aliyekaa siku nzima bila kunywa amekauka. Kuoga kunaweza kurudiwa baada ya saa chache.

Yai lisipotoka ndani ya siku moja, au kuku akianza kuhema mdomo wazi, kazi ni ya daktari wa mifugo. Yeye anaweza kuchoma sindano ya kalsiamu, au dawa ya kuikaza misuli pale tu anapojua njia iko wazi. Misuli ikisukuma dhidi ya mlango uliofungwa, mrija huweza kupasuka. Dawa zisipofaulu, daktari hutoboa yai kwa sindano, hunyonya yaliyomo na kulibonyeza ganda taratibu. Vipande hutolewa, na vinavyosalia hutoka vyenyewe siku zinazofuata.

Baada ya yai kutoka, uke uliojikamua sana huweza kubaki nje, mwekundu na umevimba. Huoshwa kwa maji safi ya vuguvugu, hupakwa mafuta na kurudishwa kwa kidole. Kuku huyo asichanganywe na wenzake mpaka apone: kuku hudonoa chochote chekundu, nao humtoa utumbo.

Chakula chake hubadilishwa kiwe cha kuku wa mayai, chenye kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na maganda ya chaza yaliyopondwa huwekwa kando ajilie mwenyewe. Mitetea ambayo haijaanza kutaga haipewi chakula hicho, kwa sababu kalsiamu nyingi huharibu figo zao. Kuku anayekwamiwa mara kwa mara huhitaji kusimamishwa kutaga. Afrika Mashariki mchana huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima, hivyo majira hayampumzishi; banda lake hufunikwa apate mwanga wa saa 8 tu kwa siku, akila na kunywa ndani ya saa hizo, mpaka mayai yakome.