Baridi, Mto na Moto: Uhakiki wa Taarifa za Kale Kuhusu Milima ya Volkano na Ncha ya Kaskazini ya Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Taarifa za wasafiri wa karne ya 19 kuhusu milima ya theluji na moto zimezoeleka kusomwa kama nyaraka za jiografia. Makala haya yanazihakiki kama matini: maneno yaliyosemwa na mtu mmoja, yakafasiriwa na wa pili, yakaandikwa na wa tatu. Mengi ya maneno hayo yalipitia Kiswahili kabla ya kufika katika vitabu vya Ulaya. Hoja ya msingi ni kwamba, pale kosa lilipotokea, mara nyingi halikuwa la shahidi bali la msomaji.

2.0 Neno "baridi"

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe kileleni mwa Kilimanjaro. Kiongozi wake alipoulizwa kuhusu weupe huo, alijibu kuwa ni baridi. Huko London, W. D. Cooley alikanusha katakata kuwapo kwa theluji karibu na Ikweta.

Ni rahisi kulichukua jibu la kiongozi yule kama dalili ya upungufu wa msamiati. Tafsiri hiyo haitoshi. Kiswahili kina theluji, neno lenye asili ya Kiarabu, na barafu, lenye asili ya Kiajemi. Lakini asiyewahi kuigusa theluji hahitaji jina lake, bali anahitaji kueleza inavyomtenda anayeikaribia. Kiongozi alitaja athari mahali pa kitu chenyewe, na alisema kweli. Aliyepotoka ni Cooley, aliyepima ushuhuda kwa nadharia.

3.0 Ushuhuda wa Uvira

Richard Burton na John Speke walifika Uvira tarehe 26 Aprili 1858. Walitumaini kuthibitisha kwamba mto Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini. Wenyeji waliwaeleza kinyume chake: mto unaingia ziwani. Burton alilikubali neno hilo. Lakini mwaka 1864, katika mabishano juu ya chanzo cha mto Naili, akaligeuka. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika mlangoni mwa Ruzizi, wakakuta kama walivyosema watu wa Uvira.

Speke naye alikuwa ameiweka Milima ya Mwezi, ile ambayo Ptolemy aliihusisha na theluji, kaskazini mwa ziwa hilo. Lakini habari nzito zaidi ya milima ilikuwa imo katika mto wenyewe. Wanajiolojia wanaeleza kwamba maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini hapo kale, hadi volkano za Virunga zilipoinuka na kuyazuia. Ziwa Kivu likajaa, likafurika upande wa kusini, na maji yakateremka kwa Ruzizi hadi Tanganyika. Kwa hiyo wenyeji wa Uvira, waliposema "unaingia", walitoa taarifa ya kazi ya volkano ambayo kutoka ufukoni kwao haionekani.

Hii haina maana kwamba kila simulizi ni ushahidi. Ngano ya Wachaga ya Mawenzi kuomba moto kwa Kibo haiwezi kusomwa kama kumbukumbu ya mlipuko ulioonwa, kwani Mawenzi ulizimika mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mhakiki hana budi kutenganisha ngano na ushuhuda. Asichoruhusiwa ni kuufanya ushuhuda kuwa ngano kwa sababu tu ya msemaji wake.

4.0 Karisimbi

Volkano ya Virunga inayopata theluji mara kwa mara ni Karisimbi, yenye urefu wa mita 4,507. Jina lake huhusishwa na simbi, yaani kauri nyeupe: istiara ya wenyeji iliyotangulia vipimo vya wageni. Februari 1908 msafara wa mwanajiolojia Egon Kirschstein ulikumbwa na dhoruba ya theluji mlimani humo, na wapagazi wapatao 20 wakafa. Neno la mwaka 1848 linarudi hapa kwa uzito mwingine. Baridi ndiyo iliyowaua. Wapagazi hao hukumbukwa kwa idadi. Kirschstein hukumbukwa kwa jina.

5.0 Hitimisho

Suala hili si la kale tu. Nyiragongo ulipasuka mwaka 1977, 2002 na 2021; mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 uliwakuta wakazi wengi wa Goma bila onyo. Kutoka Goma hadi Uvira, Kiswahili ndicho lugha ambayo kwayo mtu humwambia jirani yake kwamba ardhi imetikisika au moshi umebadilika rangi. Maneno hayo yanastahili kukusanywa na kuchunguzwa na wanafunzi wa isimu na fasihi, wakishirikiana na wanajiolojia. Watu wa Uvira walijua mto wao unakwenda wapi. Ilichukua miaka 13 kwa wasomaji wao kuwasadiki.