Mto Kwanza, Mchoro Baadaye

Ajenda ya viwanja vipya ikifika mbele ya Baraza la Madiwani huja na sentensi ileile: Baraza linaombwa kupokea, kujadili na kuridhia. Chini yake pana idadi ya viwanja, jina la kitongoji, na kiambatisho ambacho ni mchoro wa mipango miji uliokunjwa mara nne ili uenee ndani ya kabrasha. Diwani anaukunjua mapajani. Anaona barabara zilizonyooka, vijisanduku vya nyumba vyenye namba, shule imetengewa pembe yake, soko liko katikati, na mabaka ya kijani ni maeneo ya wazi. Mchoro unapendeza. Asipouliza, haumwambii nani analima pale leo wala maji yanapita wapi masika yakishika.

Kwa Wilaya ya Kilosa, hayo mawili ndiyo uamuzi wenyewe. Siku ya kuridhia ni siku ya muhuri tu. Makazi makubwa huwa yameshaamuliwa vizuri au vibaya miezi mingi nyuma, kwenye mkutano wa kijiji, kwenye jedwali la fidia na kwenye kingo za mto. Na sasa ndio wakati wa kulisema hili, kwa sababu ardhi ya wilaya hii inatafutwa kuliko zamani. Tangu 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, inapita Kilosa kwenda Dodoma, na mji una stesheni yake. Upande wa kusini, Mikumi imekaa kwenye barabara kuu ya Tanzania kwenda Zambia, mlangoni mwa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, kwenye njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara. Stesheni na njia panda huvuta watu, na watu wanataka viwanja.

Nianze na mto. Mji wa Kilosa umelala kando ya Mkondoa, na Mkondoa hauanzii Kilosa. Unapokea maji ya Kinyasungwe, yanayokusanywa huko Dodoma na Mpwapwa, nchi kavu ambayo mvua yake ikija huja kwa kishindo na kukokota mchanga. Mchanga ule hutua bondeni, kina cha mto kinapungua, na mvua inayofuata inakuta mto hauna tena nafasi ya kuibeba. Ndiyo maana mtu wa Kilosa anaweza kufurikiwa siku ambayo kwake hakujanyesha sana. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, mto ulivunja kingo ukaingia mjini. Maelfu ya watu walipoteza makazi wakahamia kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika kwa miezi.

Reli ile inafaa kutazamwa kwa makini, maana ni somo ambalo limekwisha kulipiwa. Wajerumani waliipitisha ndani ya bonde la Mkondoa kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miaka zaidi ya mia moja mafuriko yamekuwa yakiling'oa tuta lake, linajengwa, linang'olewa tena. Wahandisi wa SGR, katika kipande cha kilomita 422 cha Morogoro hadi Makutupora, walichagua kuupa mto nafasi: wakainua njia, wakajenga madaraja, wakatoboa mahandaki kwenye milima ya Kilosa. Yalikuwa maamuzi ya gharama kubwa. Walioyafanya walikubali kwamba mto hautahama.

Sasa mpangaji wa makazi anafanya nini na mto huohuo? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wengi huichukua namba hiyo kama jibu. Wanapima mita 60, wanachora mstari, na kiwanja cha kwanza kinaanzia hapo. Lakini mita 60 kwenye ukingo ulioinuka si sawa na mita 60 kwenye tambarare ambayo maji ya 2010 yalitandaa. Mstari wa sheria ni kiwango cha chini kabisa. Mstari wenye maana kwa Kilosa ni ule wa mahali maji yalipofika, na huo haupatikani ofisini kwa afisa mipango miji peke yake. Unapatikana Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na kwa wazee wa Mbumi, Mkwatani na Magomeni ambao bado wanaweza kukuonyesha ukutani alama ya tope ilipoishia. Gharama ya kuwauliza ni nauli. Mchoro usio na mstari huo haujakamilika, hata kama una mihuri yote.

Jambo la pili ni mikono ambamo ardhi inatoka. Hapa madiwani wengi hujipa uwezo ambao sheria haikuwapa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, na eneo halizidi hekta 250, wenye kukubali au kukataa ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Likizidi hapo, anaamua Waziri baada ya kupata maoni ya kijiji. Fanya hesabu. Ukitoa theluthi moja kwa barabara, shule na maeneo ya wazi, hekta 250 zinazaa viwanja zaidi ya 2,700 vya mita za mraba 600. Huo ni mji mzima. Kwa hiyo karibu kila mradi wa makazi unaoweza kubuniwa kwenye kijiji cha Kilosa unaangukia mikononi mwa wanakijiji waliokaa chini ya mwembe, na Baraza halina neno la kwanza.

Ndani ya mji mdogo hali ni nyingine. Hakuna Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kuna vitongoji na wenyeviti wake. Eneo likishatangazwa na Waziri kuwa eneo la mipango miji chini ya Sheria Namba 8 ya 2007, mwenye shamba la urithi anabaki na ngao moja: fidia.

Fidia nayo ina sura yake, na inafaa kuiona kwa karibu. Mthamini anafika, anahesabu vyumba, miembe na minazi. Mwenye mali anasimamishwa mbele ya nyumba yake akishika kifuani karatasi yenye namba, anapigwa picha. Kisha hesabu inajengwa kwa mafungu yaliyomo kwenye kanuni za 2001: bei ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu inayofuata riba ya amana za benki, posho ya makazi ya miezi 36 kwa kodi ya soko, na gharama ya kusafirisha mizigo tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Jedwali linasainiwa, linapanda hadi kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Likishaidhinishwa, Sheria ya Uthamini ya 2016 inatoa miezi sita ya kulipa, na uthamini wenyewe unakufa baada ya miaka miwili.

Hapo ndipo miradi mingi hukwama, tena kwa kosa la mpangilio. Halmashauri inathamini kabla ya kuwa na fedha. Aliyepigwa picha anaambiwa asiendeleze chochote. Anaacha kupiga plasta, anaacha kupanda mti, anasubiri. Miezi sita inapita, mwaka unapita. Nimekutana na watu wa namna hiyo, na sijawahi kusikia hata mmoja akiupinga mji. Wanachokipinga ni kusimamishwa maisha.

Kilosa inadhani ina njia ya mkato, nayo ni mashamba ya mkonge. Kimamba, Rudewa na kwingineko kulikuwa na mashamba makubwa, mengine yakatelekezwa, na serikali imefuta hati za kadhaa. Hati ikifutwa ardhi inarudi kwa umma, na kwenye karatasi inaonekana tupu, tayari kwa viwanja. Si tupu. Watu wamelima humo kwa miaka, wengine kwa kukodi, wengine kwa kuingia tu, na wafugaji wamepita humo na ng'ombe wao. Wilaya hii inajua gharama ya kuchora mpaka juu ya watu: Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, na ugomvi wa mipaka ya kijiji cha Mabwegere ulifika hadi Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo shamba lililofutwa hati litafaa kwa makazi pale tu ambapo sensa ya waliomo imetangulia, majina yakasomwa hadharani, na waliokuwa wanalima wakatengewa sehemu kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Kinyume chake ni kuhamisha mgogoro kutoka shambani kuupeleka mjini.

Mikumi nitaipitia haraka, maana tatizo lake ni jembamba. Mji umejivuta kama utepe kando ya lami, kila mtu anataka fremu inayotazama malori. Sheria ya Barabara ya 2007 imepanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati, na tumeshazoea kuona nchini kote alama za X kwenye kuta, nyekundu kwa asiyelipwa na kijani kwa anayestahili fidia. Upande mwingine kuna hifadhi na tembo wasiosoma mabango. Kilichobaki ni kwenda ndani, nyuma ya utepe, na kule nyuma ndiko barabara za mitaa na bomba la maji vinakohitajika kutangulia nyumba.

Nani alipie barabara hizo na bomba hilo? Dar es Salaam ilijibu vibaya, nasi tunaweza kujifunza bure. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mkopo wa Hazina wa shilingi bilioni 8.9, ulifanya jambo moja vizuri sana: ulilipa fidia kwanza, ukapima, ukauza, ukarudisha mkopo, na mwishowe ukatoa viwanja vingi kuliko vilivyokusudiwa. Lakini wanunuzi wengi walikabidhiwa barabara ya vumbi na mawe ya mipaka. Maji na umeme vilikuja baadaye sana, na viwanja vikakaa vichaka licha ya sharti la hati la kujenga ndani ya miezi 36. Shirika la Nyumba la Taifa nalo, lilipojenga nyumba za bei nafuu katika wilaya mbalimbali, ikiwemo kwa jirani zetu Mvomero, lililalamika kwamba kubeba lenyewe gharama za barabara, maji na umeme, juu ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kumeipandisha bei ya nyumba hadi ikamtoka mikononi mtu aliyekusudiwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa isipokee mchoro wowote wa makazi makubwa kwenye Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira kabla haujaambatana na mstari wa mafuriko uliosainiwa na bodi ya bonde, muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye mahudhurio, ushahidi kwamba fedha ya fidia iko kwenye akaunti, na barua ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, au mamlaka ya maji inayosema bomba litafika mwaka gani. Kisichokuwa na karatasi hizo kirudi kwa Mkurugenzi. Mradi utachelewa kwa robo mwaka moja au mbili. Kilosa ya 2010 ilikaa kwenye mahema kwa muda mrefu kuliko huo.

Mkutano wa kawaida wa Baraza hufanyika kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kabla ya siku hiyo mfuate diwani wako, mwombe akukunjulie mchoro mezani, kisha muulize mto uko upande gani wa karatasi.